Wimbo wa Farasi wa Mwisho

Asubuhi ya Naadam, sikukuu ya mbio za farasi, Dulmaa aliamka mwili tu, roho ikiwa bado ndotoni. Alikuwa ameota kondoo. Sikukuu ikikaribia walikuwa wakimjia hao hao, wale waliokufa, wamesimama kwenye theluji kimya, manyoya yao yameganda, na mmoja wao lazima ageuze shingo kumtazama. Alifumbua macho akaona mwanga ukishuka polepole kutoka kwenye tundu la moshi la hema, vumbi la sufu likielea ndani yake, na akasikia mumewe huko nje akizungumza na farasi.

"Haya, bwana mdogo, simama nikukwangue. Unajua leo ni leo? Hujui wewe. Ungejua ungetetemeka magoti."

Choijil alikuwa na sauti tamu hata anapotukana nzi. Ndiyo maana bonde zima lilimfanya malenga wa farasi. Mbio zikimalizika, yeye ndiye anayesimama mbele ya watu na bakuli la airag, yale maziwa ya farasi yaliyochachuka, akawasifu kwa wimbo farasi waliotangulia. Mtu huyu alikuwa na maneno kwa kila farasi, kwa mbwa, kwa majirani, na hata kwa upepo. Kwa mkewe hakuwa nalo hata moja.

"Nomin!" aliita kutoka nje. "Mwambie mama yako chai inachemka mpaka inalia."

Nomin, binti yao wa pekee, wa miaka minane, alikuwa ameketi kitandani akihangaika na buti. Mama yake alikuwa amesimama pale pale karibu na jiko. Hata hivyo mtoto alimgeukia akasema, "Mama, baba anasema chai inalia."

"Nimesikia. Mwambie baba yako na mimi nina masikio."

"Baba! Mama anasema ana masikio!"

"Mwambie nimefurahi kusikia hivyo."

Nomin alishusha pumzi ndefu ya mtu mzima, akarudi kwenye buti yake.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na usidhani ni jambo la juzi. Lilianza ule mwaka wa zud, mwaka ambao theluji ilianguka, ikayeyuka kidogo, kisha ikaganda usiku mmoja ikawa kifuniko cha barafu juu ya majani yote. Mifugo ilikuwa inayaona majani chini ya kwato zake na haiwezi kuyafikia. Msimu wa majani kupukutika, kabla ya hayo, majirani wote walikuwa wamefunga mahema na kuvuka mlima kwenda upande wa jua. Dulmaa ndiye aliyesema, "Sisi tukae." Zizi la mawe lilikuwa zuri, mbingu zilikuwa safi, na yeye alikuwa amelipenda lile korongo. Mumewe alijibu neno moja tu, "Sawa." Wakakaa. Baridi ilipokwisha walibaki na mbuzi wachache, ngamia mmoja aliyechanganyikiwa, na mwanafarasi wa kijivu aliyezaliwa siku ambayo mama yake alikufa. Farasi yule mama alikuwa zawadi ya arusi kutoka kwa baba yake Dulmaa. Dulmaa alimlea yule yatima ndani ya hema kwa maziwa ya mbuzi, akilala naye karibu na moto kama mtoto mchanga.

Tangu hapo Choijil hakumlaumu mkewe. Afadhali angemlaumu! Alinyamaza tu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Dulmaa aliungoja mshindo huo asubuhi na jioni, akipika, akikamua, akilala. Alikuwa na hakika siku moja mwanamume yule angefungua kinywa na kumwambia, wewe ndiye uliyewaua. Na sasa hofu yake ilikuwa imepata mwezi na tarehe. Shemeji yake, Sodnom, mume wa dada yake Choijil, alikuwa amekuja na lori lake kubwa, na kesho yake baada ya sikukuu angeelekea kusini kwenye machimbo, ambako wanaume hutafuta kazi. Kulikuwa na nafasi moja mbele, pembeni ya dereva. Choijil hakusema kama anakwenda. Lakini jana Dulmaa alimwona akitia buti za baridi ndani ya gunia, na hakuna mtu anayefunga buti za baridi katikati ya kiangazi kama ana nia ya kurudi upesi. Alitaka kumuuliza, utaenda? Akashindwa. Swali kama hilo huwezi kumtuma mtoto.

Uwanja wa mbio ulikuwa ng'ambo ya mto, ambapo bonde hufunguka likawa pana mpaka macho yanachoka. Walikwenda kwa miguu, Choijil mbele, Dulmaa nyuma, na Nomin katikati juu ya Kijivu, yule yatima, mkia wa mwanafarasi umefungwa kwa utepe na nywele za utosi zimesimamishwa kama ua. Watu walikuwa wameshajaa. Akina mama wamevaa majoho ya hariri, wazee wameketi kwenye majani wakibadilishana chupa za ugoro kwa mikono miwili, vijana wanapita na simu zao, na moshi wa mafuta ya kondoo ulikuwa umetanda juu ya yote. Bibi Yanjmaa, aliyekaanga sambusa bapa za nyama kila Naadam tangu enzi za ujamaa, alikuwa ameshaanza kutukana wateja.

"Dulmaa, mwanangu, chukua mbili. Umekonda kama mpini wa koleo. Huyo mumeo anakula chakula chako chote?"

"Anakula vizuri, bibi."

"Na kuongea je?"

Dulmaa akacheka kidogo, akachukua sambusa zake. Bonde halina siri. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na adabu ya kujifanya hajui, isipokuwa Bibi Yanjmaa, ambaye adabu aliikaanga siku nyingi pamoja na nyama.

Nje ya kamba ya kumalizia mbio, Dulmaa alimshika Nomin mguu, maana huko kwetu wanaokimbiza farasi ni watoto. "Nisikilize. Sitaki ushindi. Ushindi wa nini? Mwanafarasi wetu kakulia maziwa ya mbuzi. Fika katikati, na watu wa katikati, wala mtu asituone. Ila jambo moja nakuomba sana, mama yangu, usiwe wa mwisho."

"Kwa nini? Wa mwisho si anaimbiwa?"

"Ndiyo maana."

Nikueleze hapa, maana ndipo penyewe. Farasi mkubwa akifika wa mwisho, shauri lake na la mwenye farasi. Lakini mwanafarasi wa miaka miwili ni mtoto, na mtoto hachekwi. Yule anayefika nyuma ya wote huitwa Tumbo Tajiri. Huletwa mbele ya watu sawa na washindi, humwagiwa airag kiunoni, na huimbiwa ya kwamba mwakani atawaongoza farasi elfu kumi. Wazee husema baraka ya majani ya mwaka mzima imekaa tumboni mwake. Na wimbo lazima uonyeshe kwamba kosa halikuwa lake. Huko kwetu bondeni tuna nyongeza yetu: umati unauliza, "Kosa la nani?" na malenga anajibu. Mara ya kwanza hulaumu jiwe la njiani, au shimo la panya. Mara ya pili hulaumu upepo. Mara ya tatu ni zamu ya binadamu. Hapo malenga humgeukia mwenye mwanafarasi akamchambua hadharani: huyu ni bahili wa majani, yule analala mpaka jua linamchoma kisogo. Watu hucheka mpaka machozi, na mwenyewe hucheka kuwashinda, maana asiyecheka atachekwa mwaka mzima.

Kijivu alikuwa wa Dulmaa. Kila mtu alilijua hilo. Akiwa wa mwisho, Dulmaa angesimama ameshika hatamu mbele ya mumewe, bonde zima lingeuliza kosa la nani, na mume, baada ya kimya cha misimu yote ile, angelazimika kujibu.

"Usiwe wa mwisho," alirudia. Nomin alimtazama kwa macho yake ya kijivujivu, akamgeuza Kijivu kuelekea kwa wenzake.

Watoto walizunguka na farasi wao, wakaanza kuimba ule mwito wa kuwaamsha roho, "Giingoo, giingoo," sauti nyembamba nyingi zikipanda pamoja, na farasi wakasimamisha masikio. Mwili ulimsisimka Dulmaa kama kila mwaka. Kisha kundi likaondoka mwendo wa polepole kuelekea mbali, mahali pa kugeukia, likawa dogo, likawa madoadoa, likamezwa na mwanga. Kilichobaki ni kungoja.

Ah, kungoja kule! Ndiyo sikukuu yenyewe, ukiniuliza mimi. Mbio ni kitu cha kupepesa jicho. Kungoja ni kurefu, kuna joto na harufu ya majani ya pakanga porini, na airag inapita mkono kwa mkono mpaka magoti yanakuwa laini. Dulmaa alipanda kilima kidogo akaketi peke yake. Alikunywa bakuli moja, halafu jingine. Nyuki alivuma karibu na sikio lake. Chini kule alimwona Choijil na joho lake la buluu, akicheka na Sodnom, akipokea ugoro, akirudisha, na Dulmaa akahisi uchungu wa waziwazi kabisa: alimtamani mume wake. Alitamani amtukane hata kwa ajili ya chai.

Ardhi ya mbali ilianza kuyeyuka kwa joto. Ukingo wa bonde ukawa kama maji, na milima ikaelea. Sijui kama alisinzia. Yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Aliona kitu cheupe kikitembea ndani ya maji yale ya uongo, kisha vyeupe vingi, na akawatambua. Walikuwa kondoo wake. Walitembea taratibu bila haraka yoyote, wameshiba, matumbo yao yanapepesuka huku na huku, na hakuna aliyemtazama. Walikuwa wakichunga. Alitaka kunyanyuka awaite, lakini mwili ulikuwa mzito kwa raha, na alijua ndani ya ndoto kwamba ukiwaita watageuka theluji. Basi aliwaangalia tu, machozi yakimtoka kimya kimya, mpaka vumbi likainuka nyuma yao likawafunika.

"Vumbi!" mtu alipiga kelele. "Vumbi hilo! Wanakuja!"

Uwanja wote ukasimama. Dulmaa naye akasimama, mkono juu ya macho. Vumbi lilikuwa la kweli, na mbele yake palikuwa na nukta, na nukta zikaota miguu. Sauti za watoto zikafika kabla ya kwato, hafifu, zikikatwa na upepo. Wa kwanza alipita kamba, mwekundu mwenye baka usoni, watu wakamkimbilia kumgusa jasho na kulipaka kwenye vipaji vya nyuso zao. Wa pili, wa tatu, kundi zima. Dulmaa hakuwatazama. Alikuwa akitafuta kijivu.

Alimwona nyuma kabisa, mbali kidogo na kundi. Wawili walikuwa wamebaki, Kijivu na mwanafarasi mnene wa Gombo, jirani yao, aliyekuwa akikoroma njia nzima kama sufuria. Moyo ukamruka. Mpite huyo, mpite, mtu yeyote anaweza kumpita huyo! Lakini Kijivu hakupita. Ndipo Dulmaa akatazama vizuri, kwa jicho la mtu aliyezaliwa kwenye farasi. Shingo ya Kijivu ilikuwa imepindwa, kichwa kiko juu, mdomo wazi. Farasi aliyechoka huinamisha kichwa. Huyu hakuwa amechoka hata kidogo. Huyu alikuwa akishikwa.

"Mtoto huyu!" Dulmaa alisema kwa sauti. "Mtoto huyu anamzuia!"

Farasi mnene wa Gombo alijikokota akavuka kamba. Nyuma yake, kwa mwendo wa arusi, akaja Kijivu, na juu yake Nomin ameegemea nyuma na hatamu ameikunja ngumi zote mbili.

Dulmaa alishuka kilima mbio, pindo la joho mkononi. Kumzuia farasi kwenye mbio, huko kwetu hakuna utani wa jambo hilo. Mtoto anayefanya hivyo hapewi farasi tena, na jina lake linamtangulia mpaka anaolewa. Alimfikia akamshika mguu, safari hii kwa nguvu.

"Umefanya nini wewe? Umemshika! Nimekuona!"

"Ndiyo."

"Nilikuambia nini mimi?"

"Uliniambia nisiwe wa mwisho." Midomo ya Nomin ilikuwa imepauka kwa vumbi. "Lakini wa mwisho lazima baba amwimbie mwenyewe. Si ndiyo? Lazima akuangalie, akuambie kitu. Mimi nimechoka, mama. Maneno yenu ni mazito. Nayabeba kila siku."

Dulmaa akauachia ule mguu. Mara mikono ya watu ilikuwa imeshika hatamu, watu wanacheka, wanaita, "Tumbo Tajiri! Mleteni Tumbo Tajiri!" na mkondo ule ukawachukua wote watatu, mama na mtoto na farasi, mpaka mbele ya malenga.

Choijil alikuwa ameshawaimbia washindi. Uso ulikuwa umemwiva kwa jua na airag. Alipoona ni farasi gani anayeletwa, tabasamu lilimkauka mdomoni. Alimtazama Kijivu, akamtazama Nomin, akaangalia mahali fulani juu ya bega la mkewe. Gombo akamtilia bakuli likafurika. Ikabidi aimbe, na akaimba.

Wenyewe wanasema hajawahi kuimba vile. Alimwita Kijivu mtoto wa ukungu. Alisema kwato zake hazikuchelewa, ila nchi ndiyo iliyorefuka ili impate zaidi. Sauti ilitoka taratibu, ikalala juu ya majani, na watu waliokuwa wakitafuna wakaacha kutafuna.

"Kosa la nani?" umati uliuliza.

"La jiwe!" aliimba. "Jiwe la njia panda, lililokataa kusogea!"

"Kosa la nani?"

"La upepo! Upepo wa magharibi, uliomkumbatia shingo kwa mapenzi!"

Watu wakacheka, wakajisogeza. Sasa ndiyo raha yenyewe. Gombo alikuwa ameshajishika mbavu akijiandaa. Choijil alinyosha mkono, kama desturi, ampapase mwanafarasi shingoni. Mkono ukasimama pale. Dulmaa aliona vidole vyake vikitafuta jasho visilipate. Aliona akiinama kidogo kutazama pembe za mdomo, pale lijamu lilipochubua. Kisha Choijil akainua macho kwa binti yake, na macho yale yalikuwa yameelewa.

"Kosa la nani?" umati ulipiga kelele kwa mara ya tatu.

Malenga huyu, tangu aanze kuimba, ukiacha jiwe na upepo vya desturi, hakuwahi kusema uongo juu ya farasi. Watu walimpenda kwa hilo. Alifungua kinywa, na Dulmaa akaona kabisa litakalotoka, jina la mtoto, akaona Nomin amejikunyata juu ya tandiko akilisubiri.

"Langu!" Dulmaa alisema.

Kicheko kikalipuka. Hapajawahi kutokea mwenye farasi akajitaja kabla ya malenga! Gombo alikaa chini kwa kucheka. "Kaka Choijil, umenyang'anywa kazi!"

"Langu," Dulmaa alirudia, na safari hii hakuwa akimkinga mtoto. Kitu kilikuwa kimefunguka, na maji yakimwagika hayazoleki. "Mimi ndiye niliyesema tukae. Nyinyi nyote mlihama, mlituita, mimi nikasema sisi tukae. Mnajua. Yeye anajua. Haya, Baba Nomin, imba. Nitaje. Nimechoka kungoja."

Kicheko kikafa. Mahali fulani mtoto mchanga alilia akanyamazishwa. Bibi Yanjmaa alisimama na kijiko chake cha kukaangia kikidondosha mafuta kwenye buti yake mwenyewe, asihisi.

Choijil alimtazama mkewe. Si juu ya bega. Alimtazama usoni, kwa muda mrefu, na alipofungua kinywa sauti haikuwa ya malenga, ilikuwa ya mtu tu, imekwaruza.

"Dulmaa," alisema.

Jina lile, kutoka kinywa kile! Alishika nywele za shingo ya farasi.

"Uliposema tukae, nilikuwa nimeshafunga nusu ya mizigo," Choijil alisema. "Mgongo ulikuwa unaniuma. Nilikuwa nimechoka, nimechoka na kuhama, kila mwaka funga, kila mwaka fungua. Uliposema tukae nilifurahi. Niliyaona mawingu upande wa kaskazini. Niliyaona vizuri kabisa. Nikafungua kamba upesi upesi usije ukabadili mawazo."

Alilishusha bakuli mpaka kifuani.

"Walipokufa, kila mtu alikutazama wewe. Na mimi nikaacha wakutazame. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa ngumu kuliko leo. Mwishowe nikashindwa hata kukuomba chumvi."

Nakwambia ukweli, ungedhani mwanamke angelia, angemkumbatia, mambo yakaisha. Dulmaa alisimama tu. Aliwaona tena wale kondoo, wote, na kila mmoja yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni usiku hadi usiku, yeye peke yake, na mwanamume huyu amelala pembeni yake anajua. Joto likampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, hasira safi na yenye afya, hasira ya mtu aliye hai.

"Muda wote huu?" alisema. "Muda wote huu, Choijil?"

Mke wa kwetu hamwiti mume jina lake mbele za watu. Watu wakaguna. Dulmaa akalinyakua lile bakuli mkononi mwa mumewe, airag iliyokuwa ya kumbarikia mwanafarasi, akaimimina yote, mpaka tone la mwisho, juu ya kichwa cha malenga.

Maziwa yalishuka kwenye nyusi, kwenye masharubu, yakaingia kwenye ukosi wa joho la buluu. Choijil hakujifuta. Ndipo Gombo, Mungu ambariki na mdomo wake, akasema kwa sauti nyembamba, "Jamani, mwaka huu tuna Tumbo Tajiri wawili."

Uwanja ukapasuka. Walicheka wazee, walicheka watoto, Sodnom alicheka mpaka kofia ikaanguka, na katikati ya kishindo kile Dulmaa alikuwa akilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa leo, uso wote wazi, bila kuficha. Nomin aliteleza kutoka kwenye tandiko akamkumbatia kiunoni.

"Na jibu letu!" Bibi Yanjmaa alipiga kelele, naye anajifuta macho kwa aproni. "Tumeuliza mara ya tatu na hatujajibiwa! Kosa la nani?"

Choijil alivuta pumzi. Maziwa yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

"La malenga," aliimba, na sauti ikakatika, akaanza upya. "La malenga, mwenye maneno ya bonde zima, aliyelinyima neno hema lake."

Akamaliza wimbo mpaka mwisho wake, kwamba mwakani Kijivu ataongoza elfu kumi, na watu wakaitikia.

Walirudi jioni, jua likiwa bado juu ya ukingo wa milima na vivuli vyao vimerefuka kuvuka bonde. Nomin alikuwa amelala juu ya Kijivu, shavu kwenye shingo yake, na mwanafarasi alitembea kwa uangalifu asimwamshe. Wazazi walitembea kwa miguu, mmoja upande huu wa farasi, mmoja upande ule. Waligombana. Waligombana tangu kwenye kivuko cha mto, kwanza kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto, kisha kwa sauti ya kawaida. Dulmaa alimwambia mambo yote. Alimwambia la mbuzi aliyejifungua peke yake kwenye barafu, na la usiku aliokaa akimngoja aseme neno moja, na kwamba ananuka maziwa yaliyolala, na kwamba kamwe hatamsamehe, labda kidogo. Choijil alijibu mengine, mengine hakujibu. Njiani lori la Sodnom liliwapita, likapunguza mwendo.

"Kaka! Kesho alfajiri, eeh?"

Choijil alimtazama mkewe juu ya mgongo wa farasi.

"Utaenda?" Dulmaa aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Yupo nani mwingine hapa?"

Choijil akapangusa kidevu. "Tutahamia wapi baridi hii?" alisema.

Dulmaa alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu masika, mahali pazuri nyuma ya mlima, penye kinga ya mwamba. Alilishika ulimini, akalimeza.

"Sema wewe kwanza," alisema. "Na useme kwa sauti."

Choijil akasema. Alitaja korongo la upande wa jua, ng'ambo ya njia ya chumvi. Dulmaa akamwambia ana wazimu, kule kuna upepo wa kung'oa hema, na yeye akasema upepo gani, lini umefika kule wewe, na wakaendelea hivyo hivyo mpaka nyumbani, na lori likaenda zake.